Jiki, siki, chokaa au rangi ya mafuta: kuchagua dawa ya ukungu wa ukutani

Aprili mwaka juzi nilitoa koti langu la harusi kabatini ili niende nalo kwenye nikahi ya binamu yangu. Nililitundika likiwa jeusi, likatoka lina manyoya. Ukosi mzima ulikuwa umeota vumbi la kijani kibichi, kama mkate uliosahauliwa kwenye mfuko, na nilipolikung'uta mke wangu akapiga chafya tatu mfululizo. "Hilo usilirudishe humu," akasema. Nikasogeza kabati nione nyuma yake kuna nini. Ukuta ulikuwa na ramani nyeusi, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno changu.

Sikushangaa sana. Ukuta ule nilikuwa nimeufuta kwa jiki masika matatu mfululizo. Kila mwaka unang'aa wiki mbili, mvua zikikolea ramani inarudi pale pale, na mipaka yake ile ile. Mwaka ule ndipo nilipoacha kuuliza "dawa gani kali zaidi" na kuanza kulinganisha kwa makini, nikitumia nyumba tatu ninazozijua vizuri: hii ninayopanga Tanga mjini, ya bibi yangu kule Pangani, na ya dada yangu Lushoto. Zote ziko mkoa mmoja na zote zina ukungu, lakini iliyofaa nyumba moja iliharibu nyingine.

Bibi huuita koga, fundi rangi huuita fangasi, mtaani tunasema ukungu. Vyote ni kuvu, na kuvu hutaka vitu vitatu tu: chakula, joto na maji. Chakula ni vumbi, karatasi, mbao, gundi, jasho lililobaki kwenye ukosi wa koti. Joto la Tanga ni la bure. Kilichobaki mikononi mwetu ni maji. Kitu kilicholowa kikikaa saa 24 hadi 48 bila kukauka, kuvu huanza kuota.

Kabla ya dawa, ujue maji yanatoka wapi

Maji huingia ukutani kwa njia tatu. Yanapanda kutoka ardhini, yanavuja kutoka juu au kwenye bomba, au yametoka hewani: mvuke wa jikoni, wa bafuni, na pumzi za watu wanaolala madirisha yamefungwa. Ramani ya ukungu yenyewe husema mengi. Ya kupanda huanzia sakafuni na kuishia kama mita moja hivi, mara nyingi kwa mstari wenye chumvi nyeupe. Ya kuvuja huwa doa lenye pete za kahawia, nalo hukua baada ya kila mvua. Ya hewani hupenda pembe za juu, nyuma ya makabati, na kuta ambazo jua halizigusi mchana kutwa.

Ukibaki na shaka, kuna kipimo cha bei ya kipande cha nailoni. Kata nailoni safi ya ukubwa wa daftari, ibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, pasibaki upenyo. Iache siku moja au mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, uliogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukikuta upande wa nje ndio umelowa, maji ni ya hewani. Kwangu nailoni ilitoka imelowa ndani kama glasi ya maji baridi. Kwa dada Lushoto ilikuwa kinyume.

Tofautisha pia ukungu na chumvi, maana nimeona watu wakiimwagia chumvi jiki kwa lita. Ule unga mweupe unaochipuka kwenye plasta na kuibandua magamba magamba, ukiudondoshea tone la maji, huyeyuka na kupotea. Huo ni chumvi. Ukungu hauyeyuki, una manyoya ukiutazama kwa tochi ya pembeni, na una ile harufu ya gunia lililolowa. Kwa sisi wa pwani chumvi hiyo ni mgeni wa kila siku, kwa sababu nyumba nyingi zimejengwa kwa mchanga uliozolewa ufukweni bila kuoshwa. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji ya hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, na usiku wa masika hapa Tanga hewa hupita kiwango hicho bila shida. Ndiyo maana ukuta wa namna hiyo "unatoka jasho" hata mvua ikiwa haijanyesha. Chumvi huondolewa kwa brashi kavu na kufagiwa nje. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani ya ukuta ikalale, ije kuamka mwakani.

Jiki na siki, na sabuni ambayo hakuna anayeitaja

Jiki ndiyo ya kwanza kila mtu kuikimbilia, nami siitukani. Kwenye vigae vya bafuni, sinki, kioo, plastiki na kuta zilizopakwa rangi ya mafuta inafanya kazi kweli. Kikombe kimoja cha chai kwenye lita nne za maji kinatosha. Kuongeza zaidi ni kujiumiza kifua. Changanya ya siku hiyo tu, kwa sababu iliyokwisha kuchanganywa hupungua nguvu haraka, hasa ikiachwa juani.

Shida inakuja kwenye plasta, mbao na dari. Vitu hivi vina vinyweleo. Dawa iliyomo kwenye jiki hubaki juu juu, maji yake ndiyo yanayozama. Kwa hiyo unapausha rangi ya ukungu, macho yanafurahi, na huku chini mizizi imepewa kinywaji. Hilo ndilo lililonipata miaka mitatu. Hata Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, halipendekezi jiki kama njia ya kawaida ya kusafisha ukungu majumbani. Linachosisitiza ni kuzuia maji, kusugua kwa sabuni, kisha kukausha kabisa.

Siki ina sifa nyingi mitandaoni. Ni kweli huua baadhi ya kuvu, haiharibu mapafu kama jiki, na kwenye mbao hupenya vizuri kidogo. Ila wanaoisifu wengi wanaishi kwenye nyumba za mbao na kuta za karatasi ngumu. Nyumba zetu ni za saruji, chokaa na terazo, na siki ni asidi. Dondoshea tone kwenye terazo au ukuta uliopakwa chokaa, utege sikio: itachemka kidogo. Hapo inakula ukuta. Mke wangu aliijaribu kwenye sakafu ya ukumbini, na sehemu ile mpaka leo haina mng'aro. Tumeifunika kwa mkeka.

Na hizi mbili zisikutane kamwe. Jiki ikichanganyika na siki, au na dawa nyingine ya asidi kama zile za kusugulia choo, hutoa gesi ya klorini. Ikichanganyika na dawa zenye amonia hutoa gesi nyingine mbaya vile vile. Mtu anapomimina jiki chooni baada ya dawa ya choo, mlango umefungwa, akatoka anakohoa na machozi yanamtiririka, sababu ni hiyo.

Nimekuja kuiheshimu sabuni ya unga, maji ya uvuguvugu na brashi ngumu. Haiui sana, ila inaondoa, na kwenye ukungu kuondoa kuna thamani kuliko kuua, maana hata kuvu iliyokufa huwasumbua wenye pumu na mzio. Magadi ya kuokea husaidia kusugua na kupunguza harufu, basi. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa ya kusafishia vidonda, ni nzuri kwa mahali padogo: nyunyizia, acha dakika kumi, sugua, futa. Inapausha, kwa hiyo jaribu pembeni kwanza.

| Dawa | Inapofaa | Isipofaa |
|---|---|---|
| Jiki | Vigae, sinki, plastiki, rangi ya mafuta | Plasta wazi, mbao, dari, nguo za rangi |
| Siki | Kioo, mbao, mpira wa mlango wa friji | Chokaa, saruji, terazo, marumaru |
| Sabuni na brashi | Karibu kila mahali panapokauka | Jipsamu na karatasi zisizovumilia maji |
| Peroksaidi 3% | Madoa madogo, viatu vyeupe, godoro | Vitambaa vya rangi, eneo kubwa |

Chochote utakachochagua, usiusugue ukungu mkavu. Ulowanishe kwanza kwa chupa ya kunyunyizia ili vumbi lake lisiruke, fungua madirisha, vaa glavu na barakoa ya kubana, ile ya N95 kama utaipata. Mtoto mwenye pumu asiwepo chumbani. Watu huniuliza kama ule mweusi ndio wenye sumu. Rangi haikuambii kitu. Wote unaondolewa kwa njia moja, na pesa ya kupima ni aina gani ni bora ununulie brashi. Madhara yake ni ya kweli lakini. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili alifariki Desemba 2020, na uchunguzi rasmi wa mwaka 2022 ukahitimisha kwamba alipata ugonjwa mkali wa kupumua kwa kuishi muda mrefu kwenye nyumba yenye ukungu. Wazazi walikuwa wamelalamika, wakashauriwa wapake rangi.

Chokaa au rangi ya mafuta

Ushauri huo wa kupaka rangi ndio niliopewa na mimi. Fundi alikuja, akagonga ukuta kwa kiganja kama anayechagua tikiti, akasema, "Kaka, hapa tunapiga msasa, tunaweka skimu, halafu rangi ya mafuta koti mbili. Maji hayatapita tena, nakuhakikishia." Alikuwa mkweli kwa namna yake. Maji hayakupita. Yalibaki nyuma ya rangi, yakaisukuma, na kufika Juni ukuta ulikuwa na malengelenge ya ukubwa wa sahani ya kikombe. Nilitoboa moja kwa msumari, likatiririka.

Nyumba ya bibi Pangani ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari lake boriti za mikoko. Imesimama karibu na mto kuliko nyumba yoyote ambayo ningekubali kuinunua. Vyumba vya nyuma hupakwa chokaa kila mwaka kabla ya Ramadhani, na kuta zake ni kavu. Ukizigusa zinaacha unga kiganjani, basi. Chumba cha mbele, mjomba wangu alikipiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta ya krimu ili kiwe cha kisasa, wageni wakaribishwe. Haikupita miaka miwili, plasta ilikuwa inajitenga na ukuta, nyuma yake mweusi tititi. Ukuta ni ule ule, mto ule ule, na ukungu umeota upande uliogharimu pesa.

Sababu zake si uchawi. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya maji kidogo kidogo na kuyatoa kidogo kidogo, unapumua. Chokaa mbichi ni alkali kali, pH yake hupita 12, na kuvu haipendi kuishi hapo. Saruji na rangi ya mafuta huziba pumzi hiyo, maji yanatafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni ndani ya chumba. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na ukikutana na fundi wa kule anayekarabati nyumba za mawe, jambo la kwanza atakalokukataza ni plasta ya saruji.

Chokaa ina kasoro zake, nisiipambe. Inachafua nguo ya kila anayeuegemea ukuta. Ukali wake hupungua kadiri inavyokauka na kukutana na hewa, kwa hiyo lazima irudiwe kila mwaka, au miaka miwili ukibahatika. Haishiki juu ya rangi ya mafuta hata kidogo. Mpaka uikwangue yote. Na chokaa ikiwa bado haijalowekwa, ukiimwagia maji huchemka kama uji, ikikurukia jichoni ni safari ya hospitali. Bibi huiloweka kwenye pipa wiki nzima kabla ya kuipaka, na watoto hawaruhusiwi kukaribia. Kuipata si shida kwetu. Mapango ya Amboni wanakopelekwa wanafunzi kutalii yenyewe ni mwamba wa chokaa.

Kwa hiyo ninavyochagua sasa ni hivi. Maji yakitoka ukutani, yaani nailoni imelowa ndani, rangi ya mafuta ni marufuku. Kama ukuta ni wa mawe ya zamani, chokaa. Kama ni wa tofali za saruji, rangi ya maji ya kawaida, baada ya chanzo kushughulikiwa na ukuta kukauka. Maji yakiwa ya hewani, mambo yanageuka: bafuni na jikoni rangi ya mafuta ni nzuri kabisa, kwa kuwa unaifuta kwa kitambaa na jiki na ukungu hauna pa kushika. Zile rangi za kuzuia fangasi zinazouzwa madukani zina dawa ndani yake, nazo zinasaidia, ila ukizipaka juu ya ukungu uliopo unakuwa umeutandikia shuka. Dawa hiyo nayo huisha baada ya miaka michache. Ukuta mpya wa plasta ya saruji uache mwezi mmoja ukauke kabla ya rangi yoyote ya mafuta, hata kama mafundi wanataka kumaliza kazi waende zao.

Rangi ya ukuta unaovuja kutoka juu sitaizungumzia. Ziba bati kwanza.

Ukuta unaopanda maji

Hapa ndipo nilipokuwa mimi. Nyumba iliyojengwa vizuri ina karatasi nzito ya nailoni juu ya msingi, mafundi huiita DPC, kazi yake kuyazuia maji ya ardhini yasipande. Ikikosekana au ikichanika, kuna mafundi wa mijini wanaotoboa matundu chini ya ukuta na kusindilia dawa. Ni kazi ya gharama na inahitaji fundi anayeijua kweli, kwa hiyo iwe ya mwisho.

La kwanza ni kutoka nje ukatazame. Mara nyingi DPC ipo, ila mtu ameipita kwa juu. Ua limemwagiwa zege jipya, bustani imeinuliwa, mchanga wa ujenzi umelundikwa ukutani tangu mwaka jana. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya DPC kwa kama sentimita 15. Nyuma ya chumba chetu cha kulala kulikuwa na tuta la maua lililojengewa kwa tofali, limejazwa udongo hadi usawa wa dirisha kasoro kidogo, na bomba la maji ya kufulia lilimwaga humo humo. Miaka mitatu nilikuwa nafuta ndani kitu kilichokuwa kinamwagiliwa nje kila Jumamosi.

Feni, AC na mashine ya kukausha hewa

Kwa dada yangu Lushoto hakuna kinachopanda. Juni na Julai kule ni baridi kweli, wanafunga madirisha kuanzia saa kumi na mbili jioni, sufuria la maharage linachemka saa mbili nzima, watoto wanne wanalala chumba kimoja, na nguo za shule zinaanikwa kwenye kamba juu ya vitanda. Mvuke wote huo unakwenda kujibandika kwenye ukuta wenye baridi, ule unaotazama mlima. Chokaa wala DPC havimhusu. Alichohitaji ni kuacha matundu ya hewa wazi (aliyaziba kwa magazeti ili baridi isiingie), kufunika sufuria, na kuhamishia kamba ya nguo barazani. Jiko la mkaa akitaka kuotea moto, nje. Ndani ya chumba kilichofungwa lile linaua watu, na hilo halina uhusiano na ukungu.

Ukihitaji mashine, linganisha kwa uniti kwanza. Feni ya darini hula kama wati 70, kwa hiyo saa kumi ni chini ya uniti moja. Mashine ya kukausha hewa ya nyumbani ya wati 300 hula uniti 3 kwa muda huo huo. AC ndogo inaweza kufika uniti 5 hadi 8. Feni haipunguzi unyevu wa hewa, inachofanya ni kuisukuma ipite juu ya ukuta ili ukauke haraka, na kwa nyumba nyingi za pwani hilo linatosha. Mashine ya kukausha hewa ni nzuri mno kwenye chumba kinachofungika: stoo ya vitabu, studio, chumba cha vifaa vya hospitali. Kwenye nyumba ya Kiswahili yenye matundu ya hewa kila ukuta utakuwa unaikausha Bahari ya Hindi. AC hukausha pia, ila iliyo kubwa kupita chumba hupoza haraka ikazima kabla haijanyonya unyevu wa kutosha. Kuiwasha usiku na kufungua madirisha alfajiri ni kualika jasho kwenye kuta zilizokwisha kupoa.

Saa za kufungua madirisha wakati wa masika ni kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni, siku isiyo na mvua. Hapo hewa ya nje ndiyo kavu kuliko nyakati nyingine. Watu wengi hufungua alfajiri "hewa safi iingie", na alfajiri ndiyo yenye unyevu kuliko saa zote.

Kabatini

Hapa kila mtu ana lake. Kafuri na vidonge vya nondo hufukuza wadudu, ukungu haviushughulikii. Udi na ubani ni manukato. Nguo itanukia vizuri huku inaoza. Mkaa kwenye kopo hunyonya harufu zaidi kuliko maji. Vile vipakiti vidogo vyenye shanga vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vinafanya kazi kwenye boksi la viatu. Kwa kabati zima utahitaji ndoo yake. Makopo ya chembechembe nyeupe yanayouzwa supamaketi, ambayo maji hukusanyika chini, hayo yananyonya kweli, mradi milango ya kabati ifungike na uyabadilishe yakijaa.

Wazee walikuwa na ujanja wa kuweka balbu inayowaka ndani ya kabati msimu wa mvua. Ilifaa kwa sababu balbu zile za zamani zilitoa joto kuliko mwanga. Za LED za siku hizi hazipashi kitu, na za zamani zikigusana na nguo ni moto. Siipendekezi, ingawa marehemu babu alihifadhi kanzu zake hivyo kwa miaka mingi.

Kilicho cha bure kinazidi vyote: sogeza kabati sentimita kumi kutoka ukutani, liinue kwenye vipande vya tofali, usiweke nguo yenye jasho wala iliyopigwa pasi ikiwa bado na fukuto. Kama unanunua kabati jipya na chumba chako ni cha unyevu, mninga au mvule uliotumika ni bora kuliko MDF mpya inayong'aa. MDF ikilowa huvimba kama mkate kwenye chai, na ni unga wa mbao na gundi, yaani chakula kilichokwisha kusagwa.

Dari la jipsamu lililoota ukungu likatwe na kutupwa. Uso wake ni karatasi, ukungu umeshaila. Vivyo hivyo godoro lililolowa mpaka ndani, na mazulia ya sponji. Na eneo likizidi kama mita moja ya mraba, au likirudi mara mbili baada ya kusafishwa vizuri, acha kununua dawa, tafuta fundi wa kutafuta maji.

Nani alipe

Mpangaji ana ugumu wake: ukungu ni wa nyumba ya mtu mwingine, kifua ni chako. Kugawana kwangu ni hivi, na si sheria. Maji yanayopanda na yanayovuja ni ya mwenye nyumba. Mvuke wa jikoni na nguo za kwenye kamba ni wa mpangaji. Piga picha zenye tarehe, weka na picha ya nailoni, maana bila nailoni utaambiwa hamfungui madirisha.

Nilikwenda kwa mama mwenye nyumba jioni, simu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeleta kodi au umeleta ukungu?"

Nikamwonyesha picha za tuta lake la maua na picha ya nailoni. Akazitazama kwa muda, akazikuza kwa vidole viwili. Akaniambia ua lile la asumini alilipanda mwaka alioolewa mwanawe wa kwanza. Tukakubaliana lihamishiwe kwenye pipa, bomba la kufulia ligeuzwe kuelekea mfereji wa barabarani, na gharama ya fundi wa plasta ikatwe kwenye kodi ya miezi miwili. Tuta nililibomoa mwenyewe kwa jembe, asubuhi mbili. Chini ya udongo DPC ilikuwepo, nzima, inaonekana kama ulimi mweusi unaotoka kati ya tofali.

Tulikwangua rangi yote ya mafuta hadi plasta ikaonekana, tukaiacha wazi kiangazi chote feni ikiizungukia, tukapiga brashi kavu kwa chumvi kila ilipochipuka. Ilichipuka mara nne. Oktoba tukapaka rangi ya maji nyeupe, ya bei ya kawaida. Masika mawili yamepita. Kuna kivuli kidogo cha kijivu kwenye pembe moja, ambacho nakifuta kwa sabuni kila mwezi, na kabati limerudi mahali pake, mkono mzima mbali na ukuta.

Koti bado linaning'inia kwenye msumari ukumbini. Nimelipeleka kwa dobi mara mbili, ila mke wangu anasema analisikia harufu.